Subirini Kisigino Kiseme

Kama uliishi Babati miaka ile ya foleni, na ukapita karibu na Mwalimu wa Kimu, basi ulichunguzwa visigino. Hukujua tu. Wewe ulikuwa unaamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ya upole kabisa, lakini macho yake yameshateremka zamani, yako vumbini, yanatazama nyuma ya kiatu chako. Akimaliza atakuambia mgongo unakuuma upande gani. Mara nyingi alipatia. Akikosea alisema viatu si vyako, umeazima, na hapo ndipo watu walipoona haya kweli kweli, maana miaka ile nani hakuazima?

Jina lake nalijua. Watu wa Singe, mtaa wetu, wa umri wangu wote wanalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alifundisha Sayansi Kimu, mapishi na ushonaji, kwa hiyo akawa Mwalimu wa Kimu kwa wanafunzi, kwa wazazi, kwa padre na hata kwa kondakta wa basi la Arusha. Alikuwa jirani yangu, ua kwa ua. Mimi wakati huo ni mama wa mtoto mmoja, Neema, na mume wangu, Baba Neema, ni mrefu, mweupe kidogo, mwenye pua ndefu. Hiyo pua ilimponza, kama utakavyoona.

Foleni ndiyo ilikuwa darasa la Mwalimu. Ukisikia sukari imeingia, au unga wa yanga, ule wa njano uliotoka nje, unakwenda dukani alfajiri na kuweka alama yako mlangoni. Jiwe, kopo, kipande cha tofali. Wengi waliacha kiatu kimoja na kurudi nyumbani kuchota maji. Basi jua likitoka unakuta mstari mrefu wa vitu visivyo na watu, vimetulia vinangoja sukari. Mwalimu alikuwa akipita kando ya mstari ule, mikono nyuma, anasoma. "Hii katambuga ni ya mtu anayekanyagia nje. Anabeba mtoto mchana kutwa." Anasogea. "Hii ndala imeliwa nyuma tupu. Huyu mzito, au mjamzito na hajamwambia mtu." Siku moja alisema hivyo mwenye ndala akiwa amesimama nyuma yake. Loo! Mtaa mzima ukajua kabla ya mume.

Sasa, ukimwona anavyohangaika na viatu vya watu, ungedhani yeye mwenyewe anavaa vizuri. Hapana. Nyumbani alitembea pekupeku. Shuleni alikwenda na katambuga za tairi la lori, nzito kama pasi, na juu yake gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilimtania, "Mwalimu, mganga hajigangi?" Akasema, "Kisigino changu nakijua. Cha nini kukitazama?"

Alifundisha keki mwaka mzima bila keki hata moja. Nilikuwa napita dirishani pale shuleni nawasikia. "Vunja mayai mawili," anasema, na wasichana wote wanavunja mayai hewani. "Sukari kikombe kimoja," wanamimina hewa. "Koroga, usichoke." Wanakoroga hewa ile mpaka jasho linawatoka. Halafu anachora keki ubaoni, anaikata vipande kwa ukingo wa rula. Binti mmoja akamwuliza keki ina ladha gani. Mwalimu akafikiri sana, akasema, "Ni kama mkate uliopata habari njema." Wale mabinti leo ni mabibi wazima, na bado wanasema hivyo harusini.

Ikatokea siku wakapata unga wa ngano wa kweli, wakaoka mkate mmoja wa darasa zima, na binti aliyekuwa zamu akauunguza. Wenzake walimtazama kama mchawi. Mwalimu akakata ganda lile jeusi, akatafuna taratibu, akameza. "Huko Ulaya," akasema, "wanaomba uive hivi." Darasa zima likagombania kuonja. Nilipomwuliza amejuaje mambo ya Ulaya, alicheka. "Sijui wanaomba nini. Nilijua yule mtoto angelia wiki nzima."

"Hee! Wewe Mwalimu, kiatu kikikosewa kidogo unasimamisha sherehe, halafu mkate ulioungua unasema Wazungu wanaupenda?"

"Mkate tumekwisha kuula," akasema. "Una maneno mengi wewe, Mama Neema."

Hiyo ya kusimamisha sherehe si mzaha. Kila mwaka, sikukuu ya parokia, kikundi chetu cha majirani kilicheza igizo la wageni wa kwanza, yaani Wazungu wa kwanza kufika sehemu zetu, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Mwalimu ndiye aliyetunga, ndiye aliyeongoza, na yeye mwenyewe ndiye aliyecheza binti wa Bonga, kijiji cha jirani, ambaye Mzungu humkanyaga mkono kisha humpigia magoti. Mzungu alikuwa Baba Neema, kwa sababu ya ile pua. Tulimpaka majivu usoni, unga wa kupaka mtu tungeutoa wapi, tukamvalisha kofia ya padre ya shambani. Mwaka mmoja wa aibu, viatu tuliazima kwa kijana mmoja aliyekuwa na raizoni, vile viatu vya soli nene na kisigino kirefu vilivyokuwa fasheni miaka ya sabini. Tuliona vinapendeza. Mgeni rasmi ameketi, padre ameketi, katibu wa chama ameketi, Baba Neema anaingia na raizoni ko-ko-ko, na binti wa Bonga, ambaye alitakiwa kutetemeka, akasimama wima katikati ya uwanja.

"Simamisheni!" akapiga kelele. "Karne ya kumi na tisa hakukuwa na raizoni!"

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Baba Neema hakutoka nje ya nyumba siku mbili. Lakini Mwalimu hakucheka. Alikuja kwangu jioni, akaketi kwenye kinu kilicholala, akaniomba radhi kwa ajili ya mume wangu. Halafu, tukiwa tunachambua maharage, akanieleza kisa cha visigino vyote vile.

Bibi yake, mama wa mama yake, alikuwa na kovu nyuma ya mkono wa kulia. Kovu la mwezi mchanga. Alipokuwa msichana huko Bonga, msafara ulipita na Mzungu wake mmoja mbele, wakaingia uwanjani kwao wakataka mtama. Wakajaza magunia. Gunia moja likatoboka, mtama ukamwagika, na msichana akainama kuuzoa. Mkono ukiwa chini juu ya mtama, kisigino cha yule Mzungu kikashuka juu yake.

"Bibi alikuwa akinisimulia hivi," Mwalimu akasema. "Yule mtu alijikwaa. Hakuona mkono. Aliposikia mtoto analia alipiga magoti pale pale, akaushika mkono, akaupuliza, akampa ushanga wa bluu."

"Ushanga uko wapi?"

"Ulipotea. Hakuna aliyewahi kuuona."

Akaniambia kwamba yeye alilelewa na bibi huyo, na alipokuwa mtoto hakulala mpaka ashike mkono ule. Watoto wengine hunyonya kidole, yeye aliingiza ncha ya kidole chake ndani ya kovu, akalifuata kutoka pembe hadi pembe, na bibi anasimulia, na kabla Mzungu hajatoa ushanga yeye ameshasinzia. Alilijua kovu lile kuliko uso wa mama yake. Bibi akafa. Na alipokuwa mtu mzima, mjomba mmoja akamwambia msibani kwamba hakukuwa na kujikwaa wala nini: yule mtu alimkanyaga mtoto kwa makusudi kwa sababu alikuwa anazoa mtama wao.

"Wakati ule tayari ni wao," akasema Mwalimu. "Mtama."

Mjomba hakuwapo Bonga siku ile, hata hajazaliwa. Bibi hayupo tena wa kuulizwa. Kilichobaki ni umbo la kovu, na umbo lile liko kwenye ncha ya kidole cha Mwalimu peke yake. Basi alichotaka maishani mwake, na alikitamka bila kuficha, ni kujua kama bibi yake alikanyagwa kwa bahati mbaya au alikandamizwa. Alisema, "Naona kama nimelala maisha yangu yote juu ya kitu nisichokijua." Nilimwonea huruma sana. Nikamwambia mambo ya zamani yaache, akaniuliza kama mkono ungekuwa wa bibi yangu ningeyaacha.

Toka siku hiyo alianza kutafuta kisigino cha karne ya kumi na tisa. Mji wetu ule, ambao sabuni tu ilikuwa habari, ambao watu walifulia majani ya mpapai, mama mmoja anatafuta kisigino cha miaka mia iliyopita! Walimwona amechanganyikiwa. Alikwenda kwa padre, akaomba ile picha ya zamani ya mapadre wa kwanza iliyoning'inia sebuleni iteremshwe. Padre akafurahi, akidhani anataka kuwaombea marehemu. Mwalimu akatoa lenzi ya maabara ya shule, akapiga magoti, lakini aliyatazama mabuti tu. Padre alisimulia habari hiyo kwa miaka mingi.

Akapanda lori kwenda misheni moja huko juu Mbulu, kwa sista mzee wa Kizungu ambaye baba yake alikuwa fundi viatu huko kwao. Alikaa naye siku kadhaa, wanamenya viazi na kuzungumza visigino. Alirudi anang'aa. Alinieleza yote ukutani kwake, anachora kwa mkaa. Kisigino cha siku zile hakikuwa kipande kimoja. Kilikuwa ngozi juu ya ngozi, zimepangwa kama chapati kwenye sahani, zikashikwa kwa vijiti vya mti vilivyogongewa ndani. Cha kike kilibana katikati kama kinu, kikatanuka chini. Cha kiume kilikuwa kifupi, kipana, nyuma kimeviringana na mbele kimekatwa wima. Na hapo ndipo penye neno. Vingine viliachwa hivyo hivyo ngozi tupu. Vingine, hasa vya askari na watu wa safari ndefu, vilipigiliwa chuma chembamba kwa chini, kuzunguka ukingo wa nyuma, ili visiliwe na mawe.

"Chuma chenye umbo gani?" nikauliza.

Akachora ukutani. Mwezi mchanga.

"Unaona, Mama Neema? Kama kilikuwa na chuma, mtu akikanyaga tu kwa kawaida, bila nia yoyote, chuma kinaacha mwezi. Bibi alisema kweli. Lakini kama kilikuwa ngozi tupu, mtu akikanyaga kwa kawaida kinaacha alama nzima, kama nusu ya mkate. Mwezi hautoki. Ili utoke mwezi, lazima uinue ncha ya mguu, usimame na ukingo wa nyuma peke yake, ukandamize."

Kisigino kimekuwa shahidi, jamani.

Siri ya Mwalimu haikukaa, maana kwa Babati siri inakaa wapi? Katibu wa chama akaja na hoja yake. Yeye alitaka igizo la mwaka uliofuata lionyeshe ukatili: Mzungu amkanyage binti, amchape viboko, watu wapate ari. Padre naye akaja siku ya pili. Yeye alitaka magoti yabaki, tena ikiwezekana Mzungu amfunge binti bandeji kisha asali sala fupi. Wote wawili walikuwa watu wazuri, na wote wawili walikunywa uji kwangu. Mwalimu aliwajibu jambo lile lile, kwa upole ule ule.

"Subirini kisigino kiseme."

Katibu akasema kisigino hakina kadi ya chama. Padre akasema hakijabatizwa pia. Angalau hapo walikubaliana.

Kazi ya kutengeneza buti alipewa Fundi Rajabu, aliyekaa na sindano yake sokoni nyuma ya duka la kanga. Fundi alikuwa Mwislamu mcheshi, mnene, mvivu wa kutupwa, anayeamini kwamba ugonjwa wote wa kiatu unatibiwa kwa tairi. Mwalimu alimpelekea mabuti mawili yaliyokufa, ya kafa ulaya, yaani mitumba, na mchoro wa mkaa kwenye kibao.

"Mwalimu," Fundi akasema, "mimi nikupe kisigino cha tairi. Hicho hata wajukuu wa huyo Mzungu watakivaa."

"Karne ya kumi na tisa hakukuwa na tairi la lori, Fundi."

"Ndiyo maana walikufa wote."

Alimkalia mpaka akafanya. Ngozi ilipatikana kwa kuvunja mkoba wa zamani wa Mwalimu mwenyewe. Tabaka kwa tabaka, vijiti vya mzambarau badala ya misumari. Mara mbili Fundi alikata mbele ya kisigino kwa mshazari na mara mbili Mwalimu alimfanya abandue. Buti la kushoto likaachwa ngozi tupu. La kulia likapigiliwa chuma cha pete ya pipa kilichokunjwa. Fundi akawaambia watu sokoni kwamba ametengeneza mabuti yenye dini mbili tofauti.

Kabla ya kuyajaribu mabuti kwenye udongo kulikuwa na kashfa ya ugali. Mwalimu alikuwa na haraka. Buti la kwanza lilipokuwa tayari alilijaribu juu ya donge la ugali wa yanga uliokuwa umepoa kwenye sinia. Mama mmoja akachungulia uani akaona mwalimu wa mapishi anakanyaga chakula, mwaka ule, kwa buti! Kelele zikafika mpaka Nakwa. Mjumbe wa nyumba kumi akaitwa. Mwalimu hakubisha. Aliukata ule ugali uliokanyagwa, akaupasha moto, akaula mbele yetu wote na mchicha, na kusema kwamba hakuna kilichopotea ila heshima yake. Mjumbe akaona haya, akaondoka.

Tukaenda kwenye udongo. Jumamosi moja asubuhi, tulichota udongo wa mfinyanzi kule ziwani, tukautandaza uani kwake juu ya gunia, unene wa kiganja. Tulikuwa wanne: Mwalimu, mimi, Baba Neema ndani ya mabuti yasiyolingana, na Fundi Rajabu aliyekuja kulinda sifa yake. Baba Neema akaamriwa kukanyaga. Kwanza ngozi tupu, kwa kawaida. Ikatoka nusu ya mkate. Halafu ajikwae. Akajikwaa, tena akaanguka kweli, na tukaona kwamba anayejikwaa hutangulia na ncha ya kiatu. Kisigino hakigusi kitu, kwa hiyo kilichobaki kwa bibi ni kukanyagwa na mtu asiyeuona mkono. Halafu chuma, kwa kawaida. Ukatoka mwezi mchanga, safi, kina chake sawa toka pembe hadi pembe. Halafu ngozi tupu tena, ainue ncha, akandamize kwa ukingo. Baba Neema akasita.

"Kandamiza," Mwalimu akasema. "Udongo hauumii."

Ukatoka mwezi mwingine. Kwa macho ile miezi miwili ilifanana. Fundi akasema, "Sasa hapo nani atajua?" Lakini ukiinama uliona tofauti: huu wa pili ulizama sana katikati, na pembe zake zikapanda na kupotea taratibu, hujui zimeishia wapi.

Mwalimu akatuomba tunyamaze. Akapiga magoti, akafumba macho, akaingiza ncha ya kidole cha shahada kwenye mwezi wa chuma, akaufuata polepole. Akaenda kwenye mwezi wa ngozi, akaufuata. Akarudi kwenye wa kwanza. Akarudi kwenye wa pili. Nilikuwa namtazama usoni na sikuona kitu, uso umefungwa kama duka la Jumapili. Hata Fundi Rajabu aliacha kutafuna. Akakaa hivyo, sijui muda gani, kidole kikiwa ndani ya udongo na mimi sioni ni mwezi upi, maana bega lake lilinikinga. Halafu akafungua kiganja, akapangusa udongo wote, alama zote, ukawa laini.

"Baba Neema," akasema huku ananawa, "siku ya sikukuu utapiga magoti. Kama bibi alivyosema."

Basi tukafurahi. Mimi nilimkumbatia. Ilikuwa chuma, bibi alisema kweli, mjomba mwongo. Buti la kushoto nalo likapigiliwa chuma. Siku ya sikukuu Baba Neema aliingia na majivu yake na mabuti yake, akakanyaga, akapiga magoti, akapuliza mkono wa Mwalimu, akatoa ushanga wa bluu niliouchomoa kwenye shanga zangu. Padre alitokwa na machozi. Katibu alipiga makofi kwa adabu. Mwalimu alikuwa akitazama chini muda wote, lakini hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, na mabuti yalikuwa mazuri, ungesema nini?

Jambo moja tu lilinishangaza, na sikulielewa wakati ule. Mwezi ule ule baada ya igizo, tulikuwa foleni ya unga. Mfuko ukapasuka kaunta, unga wa njano ukamwagika sakafuni, na mama mmoja wa nyuma yetu, mnyonge, na kitoto mgongoni, akainama kuukusanya kwa kiganja. Kijana aliyekuwa anauza akausogeza mguu wake, akaukanyaga ule unga. Hakumkanyaga yule mama, hapana. Aliukanyaga unga tu, mama asiuzoe. Mwalimu, ambaye sikupata kumsikia akipandisha sauti ila kwa ajili ya raizoni, alitoka kwenye mstari.

"Toa mguu."

Kijana akacheka. "Shikamoo Mwalimu. Unga wa duka huu."

"Nimesema toa mguu wako hapo!"

Akamshika yule kijana nyuma ya goti kwa mikono miwili, kama mtu anayeng'oa kisiki, akauinua ule mguu. Kijana akaanguka juu ya magunia. Mwalimu akachuchumaa, na gauni lake lile la pasi, akaanza kuzoa unga na yule mama, analia waziwazi, machozi yanadondokea kwenye unga. Tulipoteza nafasi yetu ya foleni siku hiyo, tukarudi na vikapu vitupu. Njiani nilimwuliza, "Mwalimu, una nini?" Akasema ni uchovu.

Miaka ikaenda. Foleni zikaisha, sabuni zikajaa mpaka zikatuchosha kwa matangazo. Fundi Rajabu akafariki, na padre akahamishwa. Sisi tulihamia Arusha kwa kazi ya Baba Neema, lakini Neema aliolewa huko huko Babati na akalichukua lile igizo, analisimamia mpaka leo, na mabuti bado anayo. Mwalimu alistaafu, akaenda kukaa Nakwa kwa mpwa wake, na macho yakaanza kufifia.

Nilimtembelea mara ya mwisho msimu wa kuvuna maharage. Alikuwa ameketi barazani, pekupeku kama kawaida, uso umeelekea barabarani ingawa haoni. Sijafungua mdomo, akasema, "Huyo anayekuja ana kisigino chembamba, na mpira wa chini umetoka upande wa kulia. Ni mtu wa mjini. Atavunjika mguu."

"Shikamoo Mwalimu."

"Ah! Mama Neema! Marahaba, marahaba mwanangu. Vua hayo madude uketi."

Nikavua. Tulikunywa chai yenye sukari nyingi mno, maana aliweka kama mtu anayelipiza kisasi. Tulimcheka Baba Neema na pua yake, tukamcheka Fundi na tairi zake, Mungu amrehemu. Ikafika mahali nikamwuliza kitu ambacho siku zote nilidhani najua jibu lake. Sijui kwa nini niliuliza. Labda ni vile alivyokuwa anasugua kidole chake cha shahada kwa gumba, anasugua, anasugua.

"Mwalimu, siku ile ya udongo. Ulikuwa mwezi wa chuma, sivyo?"

Alinyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata wangu, akaugeuza kiganja chini, na kwa ukucha wa gumba akachora nyuma yake. Alianza kwa kugusa kidogo tu, sikusikia kitu. Akazidisha taratibu, akafika katikati akakandamiza mpaka nikashtuka kwa maumivu, halafu akalegeza, akalegeza, ukucha ukapotea, sikujua umeishia wapi.

"Mungu wangu," nikasema. "Hakikuwa na chuma."

"Hakikuwa na chuma."

"Sasa mbona ulimpigisha Baba Neema magoti? Wewe! Wewe uliyesimamisha sherehe kwa ajili ya raizoni?"

"Si mimi niliyempigisha," akasema. "Bibi ndiye alimpigisha. Alikuwa na mtoto yatima wa kulaza, na mtoto hakubali kulala mpaka ashike kovu, na anauliza, bibi, hapa umefanya nini? Ungemwambia nini, Mama Neema? Akampigisha yule mtu magoti kwa nguvu. Akamtafutia na ushanga. Siku ile nimepiga magoti kwenye udongo nilijua, tangu kidole kilipogusa, nilijua. Na nikaona nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya bibi yangu kazi aliyoifanya kila usiku kwa miaka yote ile. Nikashindwa. Nikasema acha yule mtu apige magoti."

Nililia. Yeye hakulia, aliyamaliza yake kule dukani, juu ya unga, na sasa ndipo nilipoelewa alikuwa anamlilia nani.

"Neema bado anafanya igizo?" akauliza baadaye.

"Anafanya. Wiki ijayo ni sikukuu."

"Na mabuti?"

"Yale yale."

"Mwambie abandue chuma. Na yule Mzungu wake asipige magoti. Ainue ncha ya mguu, akandamize, achukue gunia lake aende."

"Mwalimu, una hakika?"

Alikuwa bado ameushika mkono wangu, kidole chake kiko pale alipochora, kinafuata mwezi usiokuwepo kutoka pembe hadi pembe.

"Bibi alisema vile ili nipate usingizi, mwanangu," akasema. "Nimeshalala vya kutosha."